Maombi ya Mama Clemence

Kwa miaka mitatu Hilaria, ambaye mtaa wote wa Nangara ulimwita Mama Clemence, alikuwa mlinzi wa machozi ya jirani yake Vailet. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliitwaa mwenyewe siku walipomzika Katarina, binti pekee wa Vailet, aliyefariki katika uzazi pamoja na mtoto wake. Tangu hapo, kila Jumanne na kila Alhamisi, akiisha kukamua ng'ombe na kuwagawia wateja wake maziwa, alijifunga kitenge safi, akavuka uchochoro, akaketi jikoni kwa Vailet, akamwacha mwenzake alie. Alikijua kilio kile kama mtu ajuavyo njia ya kwenda kisimani: kinapoanzia, kinapopinda, kinapochoka. Na wanajumuiya, waliomwita Vailet kwa jina la mwanawe, walipouliza, "Mama Aniceti anaendeleaje?" ni Hilaria aliyejibu, hata kama Vailet mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo na kinywa chake kizima.

Wote wawili walikuwa wenyeji wa Mbulu, walioshuka Babati wakiwa wake vijana. Walisali jumuiya moja ya Kikatoliki, walipanda mbaazi katika mashamba yaliyopakana kule Singe. Hilaria hakuwa na dada. Alizoea kusema kwamba Mungu alimnyima dada tumboni mwa mama yake, akampa ng'ambo ya uchochoro.

Mwaka ambao mkoa mpya wa Manyara ulitimiza miaka kumi na minne, alikuja mjini mwanamke aitwaye Evelyne, akapanga chumba juu ya duka la mabati, kando ya barabara kuu, akatundika kibao: Ushauri Nasaha na Tiba ya Mazungumzo. Watu walikisoma, wakapita. Wengine walidhani ni ofisi ya kuandikia barua.

Jumanne moja Hilaria alivuka uchochoro akakuta mlango wa Vailet umefungwa kwa kufuli. Aliketi kizingitini akangoja. Ilipokaribia saa sita Vailet alitokea, amevaa viatu vya kanisani.

"Umenitia hofu," alisema Hilaria. "Nilidhani umeanguka huko."

"Sijaanguka. Nilikuwa mjini." Vailet alifungua kufuli, akaingia, naye Hilaria akamfuata kama kawaida. "Mama Clemence, nitakuambia jambo, lakini libaki kwako. Aniceti amenitafutia mtu wa kuzungumza naye. Yule mama wa juu ya duka la mabati. Nilianza Ijumaa; hii ilikuwa mara ya pili."

"Wa kuzungumza naye?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Vailet alivua viatu taratibu, kimoja kisha cha pili. "Wewe ni wewe. Yule ni kazi yake."

"Mnazungumza nini?"

"Ya mle ndani ni ya mle ndani. Ndivyo ulivyo utaratibu wao. Mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba ninakwenda ni wewe, na wa mwisho pia ni wewe. Naomba usimwambie hata Baba Clemence."

Hilaria aliahidi. Alipika chai katika jiko lile lile alilolizoea, akangoja Vailet aanze kulia. Vailet hakulia. Alikunywa vikombe viwili, akauliza kama mbaazi za Singe zimeanza kutoa maua.

Tangu siku ile Hilaria alianza kuumia mahali asipoweza kupaonyesha kwa kidole. Jumanne ilichukuliwa na Evelyne, ikabaki Alhamisi. Na Alhamisi haikuwa tena ile ya zamani, kwani machozi yake Vailet alikuwa amekwisha kuyamaliza Jumanne. Alizungumza habari za mvua. Siku moja alisema kwamba amelala usiku kucha bila kuamka, nalo lilikuwa neno ambalo Hilaria alikuwa ameliombea kwa rozari tisini na zaidi, lakini alipolisikia, jibu lake lilikuwa, "Kwani yule amekupa dawa?"

"Hatoi dawa."

"Basi anakupa nini ambacho mimi sikukupa?"

Vailet alifikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Sijui. Labda ni kwa sababu yeye hakumjua Katarina. Kuna jambo nilishindwa kulisema mbele ya mtu aliyemjua."

Hilaria alirudi kwake, akawakamua ng'ombe kwa mikono mizito hata mmoja akapiga teke ndoo. Kuna jambo. Kwa miaka mitatu alikuwa ameketi katika moshi wa jiko lile, ameshika mkono ule, naye alikuwa ameamini kwamba hakuna chumba ndani ya Vailet ambacho hakukifagia. Kumbe kulikuwa na jambo, na jambo hilo alikabidhiwa mgeni wa kiti cha kukodi, msichana aliyeweza kuwa binti yake, katika juma la tatu au la nne. Alijaribu kulikisia. Alilitafuta akitwanga, akipalilia, hata akipokea Komunyo. Kilichomsumbua hakikuwa udadisi peke yake. Mtu akibeba mzigo wa mwenzake mlima mzima, kisha mwingine akaupokea hatua kumi kabla ya kilele, hukumbukwa yule aliyefika nao. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kila alipojiambia, alijiona amedhulumiwa zaidi.

Jumamosi moja, katika mwezi wa pili tangu Vailet aanze kwenda kwa Evelyne, jumuiya ilisalia nyumbani kwa Hilaria. Watu walifika alfajiri kabla ya shughuli, wakaketi kwenye mabenchi aliyoazima, na kabla sala haijaanza Vailet alisema neno fulani kwa mama aliyekaa karibu naye, wakacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kawaida, kama cha mtu yeyote. Antonia, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, alimwinamia Hilaria.

"Mama Aniceti siku hizi anatabasamu hata kwa mbuzi," alisema. "Naona umestaafishwa kazi, Mama Clemence."

"Kazi gani?"

"Ile ya kumjibia."

Antonia alisema hivyo kwa mzaha, akageuka kutafuta kitabu chake cha nyimbo. Lakini neno lile lilimwingia Hilaria kama mwiba wa samaki.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila aliyepata kusali katika jumuiya. Baada ya somo na tafakari huja maombi ya waamini, ambapo kila mmoja yuko huru kutaja nia yake kwa sauti, na wote huitikia. Mzee Dominiko, mwenyekiti, aliombea mvua. Mama mmoja aliombea watahiniwa wa darasa la saba. Kisha Hilaria alifumba macho, akasema kwa sauti tulivu, yenye huruma yote aliyoweza kuikusanya:

"Tumwombee dada yetu Vailet, ambaye sasa anatibiwa akili huko mjini kwa mtaalamu, ili Bwana amrudishie fahamu zake. Ee Bwana."

Midomo yote iliitikia kwa mazoea, "Twakuomba utusikie." Nayo ya Vailet iliitikia. Hilaria alifumbua jicho moja akaiona.

Hakuna aliyemkemea, maana nani angekemea sala? Walikunywa chai ya maziwa, wakala viazi vitamu, wakaagana. Vailet aliondoka bila kuonja chai. Na Hilaria, akiosha vikombe, alijiambia kwamba amefanya tendo la upendo.

Ni lazima isemwe kwamba Vailet alikuwa mwalimu wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Kila Jumamosi alasiri watoto kumi na mmoja wa mtaa walikusanyika chini ya kibaraza cha kigango, kanisa dogo la hapo, akawafundisha sala na amri. Kazi hiyo hakuiacha hata katika juma la tatu baada ya mazishi. Ndiyo iliyomwinua kitandani. Jumamosi ile ile ya maombi walikuja watoto saba. Jumamosi iliyofuata walikuja wanne, na mmoja wao alimwuliza kama ni kweli kwamba wagonjwa wa akili huuma watu. Jumatatu Mzee Dominiko alikwenda kwake amevaa koti, akaketi ukingoni mwa kiti, akamwambia kwamba wazazi wana wasiwasi, si yeye, yeye hana neno, ila labda apumzike kwanza mpaka atakapopona.

"Nipone nini, mwenyekiti?" aliuliza Vailet.

Mzee Dominiko aliitazama kofia yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa vikao. "Kupumzika ni neno tu, mama," alisema. "Si kufukuzwa."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya Mlima Kwaraa, Vailet alivuka uchochoro. Hilaria alimwona akija, moyo wake ukaruka kwa furaha, kwani katika miaka mitatu ni yeye aliyekuwa akivuka. Akafuta kigoda kwa upindo wa kitenge. Vailet hakuketi.

"Nilikwambia wewe peke yako," alisema.

"Niliomba tu, Mama Aniceti. Nilikuombea."

"Uliomba kwa nani? Mungu alikuwa anajua tayari. Waliokuwa hawajui ni Antonia na Dominiko."

Hilaria alimsogezea kigoda.

"Wamenichukulia watoto," alisema Vailet. Sauti yake haikupanda. "Alhamisi usije."

Alhamisi Hilaria alikwenda. Alibisha, akasikia sufuria ikisogezwa jikoni, akabisha tena. Mlango haukufunguliwa. Alisimama pale na birika la maziwa mkononi, na wapita njia wakamwamkia, naye akawaitikia kama mtu aliyefika sasa hivi. Juma hilo alitambua kwamba hana nyumba nyingine ya kwenda siku ya Alhamisi.

Ndipo alipopanga jambo ambalo kwake lilikuwa la hekima. Alifikiri hivi: aliyemchukua Vailet ndiye awezaye kumrudisha. Kule kwao, ndugu wawili wakikosana, hutafutwa mtu ambaye wote wawili wanamheshimu, akapelekewa kitu mkononi, naye huwakalisha pamoja. Basi Jumatano alijaza maziwa ya mgando katika kibuyu kizuri, akapanda ngazi za juu ya duka la mabati.

Alikuwa amejiandaa kukuta chumba cha anasa. Alikuta viti viwili, meza ndogo, saa ya ukutani, na dirisha lililotazama paa za stendi. Evelyne alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyesimama upesi kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea maziwa."

"Asante sana, mama. Nakuomba uyashike, utarudi nayo. Hapa sipokei zawadi kwa anayekuja kuzungumza, wala si kwa kuidharau. Karibu uketi. Kabla ya neno lolote nikueleze tunavyofanya kazi, kisha utaamua kama utapenda."

Akamweleza, bila haraka. Kwamba mazungumzo ni dakika hamsini. Kwamba mara ya kwanza yeye huuliza mengi, habari za nyumbani, za afya, za usingizi, na sababu iliyomleta mtu, na kwamba mtu ana haki ya kusema, "Hilo bado." Kwamba yasemwayo hayatoki humo, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kujiua au ya kumdhuru mwingine. Kwamba hatatoa hukumu wala kitubio, na siku nyingine mtu huondoka akiwa mzito kuliko alivyokuja. Kwamba mtu aweza kuacha wakati wowote, bila kuomba ruhusa.

Hilaria alisikiliza kwa nusu sikio, akingoja mwisho wa utangulizi kama angojavyo mwisho wa matangazo kanisani. Kisha akaanza. Alisimulia habari za Vailet: mazishi, jiko, machozi, viatu vya kanisani, kufuli. Alisimulia jinsi mwenzake alivyobadilika hata akacheka asubuhi mbele ya jumuiya, jinsi asivyoshukuru, na jinsi alivyokasirishwa na sala. Alisema kwa ufasaha mkubwa. Alimalizia kwa kuomba kwamba Jumanne ijayo, Vailet atakapoketi katika kiti hicho, aambiwe asamehe.

"Mama," alisema Evelyne, "siwezi kukuambia nani anakuja hapa na nani haji. Hata ningeulizwa kama wewe umekuja, ningejibu hivyo hivyo."

"Lakini mimi najua kwamba anakuja."

"Wewe unajua. Mimi siwezi kusema."

Mlango mwingine ulikuwa umefungwa mbele ya Hilaria, safari hii kwa adabu. Evelyne akaitazama saa, akamtazama yeye.

"Umezungumza zaidi ya nusu saa, na bado sijasikia habari zako. Ngoja nikuulize moja tu. Ile asubuhi aliyocheka, wewe ulisikiaje?"

"Nilifurahi."

Evelyne hakusema kitu. Chini, mtu alikuwa akipakia mabati kwenye gari, bati moja baada ya jingine. Hilaria alijaribu kungoja kimya kile kipite, kama mtu angojavyo mvua chini ya upenu. Lakini hakikupita, na mwisho wake akajisikia akisema:

"Nilitamani apaliwe na mate. Akohoe. Anyamaze."

Alishtuka kwa neno lake mwenyewe. Evelyne hakushtuka.

"Miaka mitatu nilimwombea apone," alisema Hilaria, sauti yake ikiwa ndogo sasa, "naye akapona mikononi mwako. Hata jambo lenyewe lililokuwa likimla silijui. Unalijua wewe."

Aliliwa na aibu, akatafuta kibuyu chake sakafuni. Lakini kabla hajainuka aliuliza, kama mtoto aulizaye nafasi ya shule, kama na yeye angeweza kuwa anakuja Jumatano.

"Kwangu hapana, mama," alisema Evelyne. "Umeingia hapa umeshika jina la mtu mwingine, na kila nitakaposema neno utalipima kama linamhusu. Ila yuko mwenzangu Singe, Bi. Romana, aliyekuwa muuguzi zamani. Nitakuandikia namba yake ya simu. Kwake nenda mikono mitupu."

Aliteremka ngazi na karatasi kiganjani, na wivu wake ukiwa mkali kuliko alipopanda. Maana hata mlango wa Evelyne ulikuwa wa Vailet peke yake. Alitembea hadi Nangara kwa miguu. Lakini neno lile la mate lilikuwa limekwisha kutoka, na hakupata mahali pa kulirudisha. Nyumbani alimkuta mumewe Melkiadi akitia mpini jembe, akamsimulia yote.

"Na utafanya nini?" aliuliza Melkiadi.

"Nitasema mbele ya wale niliosema mbele yao."

Melkiadi aligonga mpini chini mara mbili. "Watakucheka hadi Pasaka."

"Najua."

Jumamosi jumuiya ilisalia kwa Mzee Dominiko. Vailet alikuwepo, ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Wakati wa maombi Hilaria hakutaja nia yoyote. Sala ilipokwisha alisimama, akaomba dakika moja kwa mwenyekiti.

"Juma lile la kwangu nilimwombea Vailet," alisema. "Haikuwa sala. Niliambiwa siri, nikaitoa nje nikiwa nimeivika jina la Mungu. Vailet hana ugonjwa wa akili. Alifiwa na mtoto, akatafuta mtu wa kuzungumza naye, basi."

Antonia alikunja midomo. "Sasa tumwamini Hilaria yupi? Wa juma lile au wa leo?"

"Wa leo. Wa juma lile alikuwa na wivu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Hilaria aliendelea haraka kabla hajakatizwa.

"Na mimi nimepanda ngazi zile zile Jumatano. Jumanne, si hii bali ile inayofuata, nitakwenda kwa mwingine, Singe. Kama mtu wa kupanda ngazi zile hafai kufundisha watoto, basi hata maziwa yangu hayafai. Karibu nyumba zote zilizomo humu hunywa maziwa yangu. Kesho mtu asilete chupa."

Mzee Dominiko aliitazama tena kofia yake. Baadaye, watu walipokuwa wakitoka, alimwendea Vailet akazungumza naye kwa sauti ya chini, akiinamisha kichwa mara kwa mara. Kesho yake chupa zililetwa zote. Na Jumamosi iliyofuata, alasiri, watoto tisa walikwenda kigangoni. Mjukuu wa Antonia alikuwa wa kwanza kufika, tena na daftari jipya. Wawili hawakurudi kamwe.

Vailet hakumsemesha Hilaria juma lile, zaidi ya salamu. Jumatatu alasiri, Hilaria akipepeta mbaazi uani, aliona kivuli kikiangukia ungo.

"Kesho ndiyo siku yako ya kwanza," alisema Vailet. Alikuwa amesimama, kisha akavuta kigoda akaketi.

"Ndiyo."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

Vailet alichota mbaazi, akaanza kuchambua mawe. "Fika mapema kidogo, ili usiingie unahema. Atakupa karatasi ya kutia sahihi. Isome yote, usione haya kuuliza. Usiandae hotuba. Mimi niliandaa, nikaisahau mlangoni. Akinyamaza, si kwamba amechoka nawe. Ukilia, lia, kuna vitambaa. Ukirudi nyumbani usipange kazi nzito, maana utachoka kama umelima. Na usitegemee kitu mara ya kwanza. Mara ya kwanza mimi nilitaka kudai nirudishiwe muda wangu."

"Mara ya ngapi ulimwambia lile jambo?"

Swali lilimponyoka. Vailet aliendelea kuchambua, vidole vyake havikusimama.

"Nimekusamehe, Mama Clemence," alisema. "Na lile jambo sitakuambia. Si leo, na sidhani hata siku nyingine. Ukiweza kukaa nami hivyo, nitakuja Alhamisi."

Hilaria aliinamia ungo. Ilimuuma, na hakujisingizia kwamba haikumuuma. Alifikiria Alhamisi ya mlango uliofungwa, na birika la maziwa.

"Njoo," alisema.

Kesho yake alikwenda Singe mikono mitupu. Bi. Romana alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, wa rika la Hilaria, chumba chake kilikuwa na pazia la kijani, na karatasi ilikuwepo. Hilaria aliisoma yote. Alipoulizwa kilichomleta, jina la Vailet lilimjia kinywani likiwa tayari na sentensi nzima nyuma yake. Alilimeza.

"Wivu," alisema.

"Ulianza lini?" aliuliza Bi. Romana, akichukua kalamu.

Hilaria alidhani jibu ni mwaka huo. Alifungua kinywa kusema hivyo, na badala yake akajisikia akianza kusimulia nyumba ya Mbulu, na mama aliyejifungua wavulana sita na msichana mmoja.

Alhamisi Vailet alikuja. Aliketi jikoni kwa Hilaria, akapewa chai. Hilaria alingoja aulizwe yaliyosemwa Singe. Alikuwa na mengi, yalimjaa hadi kooni. Vailet alipuliza chai yake, akasema kwamba mvua ya mwaka huu imeipendelea Mutuka kuliko Nangara.

"Imeipendelea," alikubali Hilaria, akamwongezea maziwa.